Nywele za Karani, Paka wa Daraja Mbili

Jua bado halijavuka mabati ya soko la Daraja Mbili, na Kemuma amekwisha kukwaruzwa. Mstari mwembamba mwekundu unamshuka kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo cha mkono. Haufuti. Anausogeza mkono ule ule, polepole, hadi karibu na pua ya paka aliyejikunyata juu ya meza ya kliniki, kisha anauacha hapo.

"Nusa, Karani," anamwambia. "Ni mimi yule yule wa siku zote."

Karani ananusa. Masikio yaliyolala nyuma yanainuka kidogo, na mkia unaacha kuipiga meza. Hapo ndipo Kemuma anaposhika kitana. Anaanzia kwenye ncha za nywele, si kwenye mizizi, huku vidole vya mkono wa pili vimebana shina la donge ili ngozi isivutwe.

Mlangoni wamesimama vijana wanaopakia ndizi kwenye malori. Hawana haraka.

"We Kemuma! Ukishamsuka, mtoboe na masikio!"

"Nikimaliza naye nakuja kwako," Kemuma anajibu bila kuinua macho. "Wewe ndiye mwenye viroboto wengi."

Wenzake wanamcheka kijana huyo hadi anaondoka, kisha wanamgeukia tena Kemuma. Na wacheke. Mkono unaoweza kumtuliza kiumbe mwenye kucha na meno, asiyejua hata neno moja la lugha yako, si mkono wa kufanyiwa mzaha.

Mtu mmoja tu ndani ya chumba hicho hacheki. Ni Mama Bathsheba, mwenye paka. Amekaa kwenye kibao kando ya meza, mwanamke mnene wa mwili na mfupi wa maneno, ambaye hununua ndizi na mahindi huko Nyamarambe na kuviuza kwa jumla hapa mjini Kisii. Magotini ameweka gazeti kuukuu lililokunjuliwa. Kila Kemuma anaponyofoa nywele zilizonasa kwenye kitana, huziweka juu ya gazeti hilo. Mama Bathsheba huzitazama zikitua.

Katika nchi ya Abagusii, nywele na kucha hazitupwi popote. Kinyozi mwenye adabu humwachia mteja achague, aondoke nazo au zichomwe mbele ya macho yake, maana hujui nani atakayeziokota wala atazipeleka kwa nani. Wapo waliosoma wanaosema huo ni ushamba. Lakini hata hao, ukiwatazama kwenye kiti cha kinyozi, jicho moja liko sakafuni.

Mama Bathsheba anaipeleka sheria hiyo hadi kwa paka wake. "Kitu cha boma langu ni cha boma langu," husema, na kila mara huondoka na gazeti lake kwapani.

Leo Kemuma analitazama gazeti hilo kwa jicho la wizi. Wiki iliyopita alimwomba mama huyu ombi kubwa. Anataka kuweka meza yake kwenye baraza ya ghala ambalo Mama Bathsheba analo Nyamira, ili siku za soko awahudumie wanyama wa huko. Jibu lilikuwa neno moja: "Nitafikiri." Tangu hapo, kimya.

Esnah Kemuma ana umri wa miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa Nyamache, akamaliza darasa la saba, na karo ya sekondari ilipokosekana akarudi kuchuma majani ya chai katika shamba la nyumbani. Mwaka wa 1974 alisikia kanisani kwamba Daktari Nyamweya, aliyefungua kliniki yake ya wanyama karibu na Daraja Mbili baada ya kuacha kazi ya serikali, anatafuta mtu wa kufagia.

Aliyempokea ni Mzee Obwocha, mhudumu mkuu. Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya Wazungu kule Sotik, na huko ndiko alikojifunza kuosha mbwa, kuchana paka na kukata kucha za sungura. Wazungu walipouza mashamba na kuondoka, waliacha nyuma wanyama wengi ambao hakuna aliyejua kuwatunza. Mama mzazi wa Karani alikuwa mmoja wao, ndiyo maana Karani ana manyoya marefu kuliko paka yeyote wa soko hili.

"Unaogopa kuumwa?" Obwocha alimuuliza Kemuma siku ya kwanza.

"Naogopa sana, Mzee."

"Basi utafaa. Wasioogopa ndio wanaoumwa."

Alianza na ufagio, akapandishwa hadi taulo, kisha kitana. Obwocha alimfundisha kumbeba sungura kwa kuushikilia mgongo na matako, kamwe si kwa masikio, kwa sababu sungura akipiga teke akiwa hewani hujivunja uti wa mgongo. Alimfundisha kwamba donge la nywele halikatwi kwa mkasi, maana ngozi hupanda pamoja nalo, na mkasi haujui tofauti. Hutiwa unga laini wa mahindi, kisha hufumuliwa kidogo kidogo kama fundo la uzi. Ukucha hukatwa ncha tu, na mkasi husimama kabla ya kufika pale penye wekundu. Maji ya kuoshea hujaribiwa kwa kiwiko. Masikio huzibwa pamba.

"Nilidhani ni kazi ya nguvu," anasema Kemuma. "Kumbe ni kazi ya kungoja. Mnyama ndiye anayekuambia uanze lini na uache lini. Ukimlazimisha leo, kesho ataiogopa hata sauti yako."

Mengi aliyashika upesi. Lililomponza halikuwa lile asilolijua. Lilikuwa lile alilolijua tangu utotoni.

Baba yake, Abner Onyancha, ndiye mhudumu wa josho la ng'ombe pale Nyamache. Katika boma lake dawa ya josho ilikuwa dawa ya kila kitu. Chupa yake haikukosekana chini ya kitanda. Kupe wakimshika ndama, walimpaka dawa ya josho. Kunguni wakiingia kitandani, dawa ya josho. Mbwa akijikuna, alimwagiwa kikombe kizima, akakimbilia migombani akipiga chafya, na watu wakasema amepona. Si kwa Abner peke yake. Nyumba nyingi huko zilifanya vivyo hivyo, kwa sababu macho yao yaliona ng'ombe wakiingia joshoni na kupe na kutoka wakiwa safi.

Ijumaa moja ya Machi mwaka jana, Mama Bathsheba alimleta Karani akiwa na mbegu za kishonanguo zilizonasa kwenye manyoya ya tumbo na viroboto shingoni. Obwocha alikuwa anajiandaa kwa safari ya Nyamira. Kabla ya kuondoka aliacha agizo: "Huyu mchane tu. Habari ya dawa tutazungumza nikirudi."

Kemuma alimchana. Kadiri alivyochana, ndivyo viroboto walivyozidi kutoka, wakirukaruka juu ya meza kama njugu kwenye kikaango. Akakumbuka chupa ya josho aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akiwa amepanga kumwonyesha Mzee kwamba hata kwao kuna ujuzi.

"Nilitaka arudi akute hakuna kiroboto hata mmoja," anasema. "Nilitaka aseme, huyu msichana si wa kufagia."

Akachanganya kama alivyoona baba yake akichanganya kwa ndama. Akamlowesha Karani kuanzia shingoni hadi mkiani, akamkausha, akamweka dirishani penye jua. Viroboto walianguka. Paka akakaa, akaanza kujilamba.

"Nikafurahi," Kemuma anasema, na hapo kitana kinasimama. "Nikamwambia mwenzangu wa hapa kliniki, mtazame anavyojipenda."

Ng'ombe hajilambi mwili mzima. Paka hujilamba kila mahali ulimi wake unapofika, na Karani ana manyoya mengi ya kulamba. Kabla ya saa sita udenda ulikuwa unamdondoka. Kisha akaanza kutetemeka. Kisha akajaribu kushuka dirishani, na miguu ya nyuma ikakataa.

Obwocha aliporudi, aliisikia harufu akiwa bado mlangoni.

"Umempaka nini?"

"Dawa ya josho, Mzee."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

Hakumfokea. "Maji ya vuguvugu," alisema. "Sabuni. Sasa hivi." Walimwosha na kumsuuza mpaka maji yakaacha kunuka. Wakamviringisha kwenye taulo kichwa kikiwa nje, kama mtoto mchanga, asiweze kujilamba tena. Daktari Nyamweya akamchoma sindano, akamsikiliza moyo, akamgeukia Kemuma.

"Akifa, sina la kukutetea," alisema. "Akipona, atakayeamua kama utabaki hapa ni mwenye paka, si mimi."

Obwocha naye akaongeza lake: "Nenda ukamwambie mwenyewe, tena sasa. Habari hii isitangulie mdomo wako."

Wale waliokuwa sokoni siku hiyo bado wanayasimulia mazungumzo hayo. Mama Bathsheba alikuwa anapokea mikungu kutoka kwenye lori Kemuma aliposimama mbele yake na kumwambia kwamba Karani ni mgonjwa, na kwamba yeye ndiye aliyemwosha kwa dawa ya josho.

"Dawa ya nini?"

"Ya josho, Mama. Ya kupe."

"Mimi nilikuletea ng'ombe?"

"Hapana, Mama."

"Yule ana pembe?"

"Hana, Mama."

"Mnamkama?"

"Hapana, Mama."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama Bathsheba alijifunga leso kiunoni, akaiacha mikungu chini kama ilivyo, akatangulia. Karani si mapambo kwake. Kabla ya paka huyo, panya walikuwa wakitoboa magunia ya mahindi usiku kucha, na asubuhi hakukuwa na gunia zima. Ndiye aliyewamaliza. Akaitwa Karani kwa sababu hukaa juu ya magunia tangu alfajiri, akiyatazama moja moja kama anayeandika.

Mama huyo aliingia kliniki, akaweka kidole juu ya paji la uso la paka, akakiacha hapo kitambo. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nywele mlizomchana asubuhi ziko wapi?"

Kemuma akamletea. Akazifunga kwenye gazeti. "Akifa, atazikwa mzima," alisema, akaenda zake.

Jua lilipotua Sabato iliingia, na Kemuma, mtoto wa nyumba ya Waadventista, hakwenda nyumbani. Alikaa sakafuni na taulo lile mapajani, akimdondoshea paka maji mdomoni kwa pamba. Asubuhi, badala ya kwenda kanisani, Abner alitokea mlangoni akiwa ndani ya koti lake la ibada, vumbi la barabara ya Nyamache hadi magotini. Alikuwa anamtafuta binti yake.

Kemuma akaanza kumwomba radhi kwa kuvunja siku.

"Nyamaza," Abner alimkata. "Sabato haikuwekwa ili paka afe peke yake." Akavua kofia, akaketi karibu naye. "Ulimtia kiasi gani?"

"Kama cha ndama, Tata."

Abner alimfuta paka udenda kwa pamba. Alipozungumza tena, alitazama ukuta.

"Wale watoto wa mbwa waliokuwa wakifa nyumbani. Walitoka udenda hivi hivi."

"Ndiyo, Tata."

"Na tulisema ni jicho la Nyamusi."

Nyamusi ni jirani yao, mjane mzee anayeishi ng'ambo ya kijito. Kila mara watoto wa mbwa walipokufa bomani mwa Abner, mtu alikumbuka kwamba Nyamusi alikuwa amepita njiani na kuwasifia. Hakuna aliyemshtaki. Watu waliacha tu kumwamkia, na watoto wakafundishwa kuzunguka njia nyingine.

"Kumbe jicho lilikuwa chupa," Abner alisema, "na chupa ilikuwa mkononi mwangu."

Alasiri ya siku hiyo Mama Bathsheba alirudi. Mkononi alikuwa na omena wakavu ndani ya jani la mgomba. Hakumwamkia mtu. Alichuchumaa, akamsogezea Karani samaki mmoja puani, na chumba kizima, Daktari na Obwocha na Abner wakiwa wamesimama, kikasahau kupumua.

Pua ikacheza. Kichwa kikainuka. Karani akala samaki wa kwanza, akatafuta wa pili. Kemuma alipoinama kumlegezea taulo, mguu wa mbele ukachomoka na kumchana mkono toka juu hadi chini.

"Nililia kwa furaha," Kemuma anasema. "Damu inatoka, na mimi naangua kilio cha furaha. Sijui kama kuna mtu mwingine Kisii nzima aliyewahi kushukuru kwa kukwaruzwa."

Hukumu ilitolewa hapo hapo. Daktari alimuuliza Mama Bathsheba: je, msichana aende au akae?

"Akae," mama alijibu. "Huyu ameshafanya kosa lake kwa paka wangu. Mkileta mwingine, kosa lake bado liko mfukoni, na paka ninaye mmoja."

Kisha akamgeukia Kemuma. "Lakini nywele zake nitakuwa naondoka nazo. Zote."

Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Karani huletwa, huchanwa, hukatwa kucha, na gazeti huondoka kwapani. Kemuma hakuwahi kulalamika. Alilielewa gazeti lile. Mtu anaweza kukusamehe, na bado akaifunga milango yake mapema.

Kazi nayo ilisonga mbele. Leo Kemuma ni mhudumu kamili, na analipwa shilingi mia mbili kwa mwezi, ambazo sehemu yake humlipia mdogo wake karo. Walimu humletea sungura, wenye maduka humletea mbwa wao wa ulinzi, na juzi mama mmoja alitoka mbali na mbuzi, akaambiwa kwa upole kwamba huyo si wa mezani. Kwa kila mnyama Kemuma huuliza swali lile lile kabla ya kufungua chupa yoyote: huyu hujilamba?

"Mzee Obwocha alinifundisha kushika," anasema. "Karani alinifundisha kuuliza. Siku hizi sitii mnyama kitu mwilini nisichoweza kumtia mdomoni nikalala usingizi."

Huko Nyamache, Abner hamruhusu mtu kuondoka joshoni na dawa kwenye chupa. Wanaomkasirikia huambiwa habari za paka. Na jioni moja alivuka kijito na mkungu wa ndizi begani, akagonga mlango usiogongwa na mtu kwa miaka.

"Za nini?" Nyamusi aliuliza.

"Za mbwa wangu waliokufa."

"Mbwa hawali ndizi, Abner."

"Ndiyo sababu nimekuletea wewe."

Bibi huyo alimtazama, akatazama ndizi, akasogea kando ili apite ndani. Mwaka huu mbwa wa Abner amezaa tena. Watoto wote wako hai, na mmoja wao, mweupe miguuni, analala kwenye mlango wa Nyamusi.

Sasa Kemuma anaiwaza Nyamira. Watu wa huko husafiri na wanyama wao ndani ya vikapu kuja Kisii, wengine hukata tamaa njiani, na wengi hurudi kwenye chupa ya josho. Daktari amekubali kumpa ruhusa siku za soko, pamoja na mkasi, sabuni laini na taulo. Anachokosa ni mahali. Baraza ni moja tu inayofaa, na mwenye baraza amekaa kwenye kibao, gazeti magotini.

Kitana kinapita mara ya mwisho, kutoka mabegani hadi mkiani, bila kunasa. Karani ananyoosha mgongo na kupiga miayo. Kemuma analitwaa gazeti magotini mwa Mama Bathsheba na kulikunja kwa uangalifu, pembe nne zikikutana katikati, analiweka ukingoni mwa meza, karibu na mkono wa mama, mahali pake pa siku zote.

Mama Bathsheba anamwingiza paka kikapuni. Anafunga kifuniko. Anajitanda leso yake, anatoka mpaka mlangoni.

"Mama," Kemuma anamwita, "umesahau nywele."

"Sijasahau."

Vijana wa ndizi, waliokuwa wamerudi kuchungulia, wanampisha. Mama Bathsheba anasimama kizingitini, akitazama nje kama anayepima mvua.

"Baraza ile ya Nyamira hupigwa na jua asubuhi," anasema. "Meza uiweke upande wa ukuta. Paka hapendi kuchomwa macho."

Anaondoka. Kemuma anabaki na gazeti mkononi kitambo, kisha anakwenda nalo nyuma, penye moto wa kuchemshia maji. Analiweka juu ya makaa, anasimama pale pale mpaka unywele wa mwisho unaisha na harufu yake inakwenda na upepo. Hakuna anayemtazama.

"Zingekuwa zangu," anasema, akirudi kuifuta meza, "ningezichoma hivyo hivyo."